Mama Maskati, baba Mikanjuni: watoto wakae na nani?

Wazazi hawa walifunga ndoa ya Kiislamu mwaka 2013, wakakaa Mikanjuni, jijini Tanga. Baba ni fundi baiskeli, mama alikuwa akikaanga vitumbua na kuviuza asubuhi barazani. Wakajaliwa binti mwaka 2014 na mvulana mwaka 2019. Mwaka 2021, mvulana akiwa na miaka miwili na kidogo, mama alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Uamuzi ulikuwa wa wote wawili. Baba mwenyewe ndiye aliyehangaika naye kufuatilia pasipoti, kwa sababu walikuwa na kiwanja chenye msingi ulioota majani, na fedha ya baiskeli na vitumbua isingeweza kuunyanyua.

Mama alirudi mwishoni mwa 2023. Nyumba imeezekwa, watoto wamerefuka, lakini ndoa imekwisha: wiki chache baada ya kufika alikabidhiwa karatasi ya talaka. Kilichowatenganisha sikiingizi hapa. Hakikuwa na uzito katika suala la watoto, na mara nyingi hicho ndicho kinachowafanya watu wazima waache kuwatazama watoto wakabaki kuhesabiana makosa. Mama akapanga chumba Makorora na kudai watoto wote wawili. Baba akasema hatoi hata mmoja. Mama ndiye aliyekuja kwetu kuomba msaada wa kisheria, kwa hiyo nalitazama shauri hili kutoka upande wake, ingawa si kila nitakachosema kitampendeza. Majina nimeyaacha, na yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha.

Mtaani maneno yalikuwa ya aina mbili. Wa kwanza walisema: "Mama gani anakiacha kitoto cha miaka miwili akafuata riali?" Wa pili wakasema: "Mwanamume na kulea wapi na wapi? Anayelea pale ni mama yake."

Neno la kwanza haambiwi mwanamume. Baba wa Tanga akienda Uarabuni, akienda Mererani kwenye mashimo, akipanda meli akapotea miaka mitatu, siku ya kurudi anapikiwa pilau na watu wanauliza amekuja na nini. Hakuna anayesema ametelekeza watoto. Neno la pili nalo haambiwi mwanamke. Wako akina mama wengi ambao watoto wao wanaogeshwa na kulishwa na bibi mzaa mama kuanzia alfajiri mpaka usiku, na sisi wote tunasema mama analea, bibi anamsaidia. Huyu baba akisaidiwa na mama yake, ghafla inakuwa yeye halei. Nilipoyasikia maneno haya mawili nilijua shauri litakuwa gumu, kwa sababu mama angeingia mahakamani akiwa amekwisha kuhukumiwa kwa kuondoka, na baba angeingia akiwa amekwisha kuhukumiwa kwa kuwa mwanamume.

Baba aliamini karatasi ya talaka imemaliza kila kitu. Haikumaliza. Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ambayo wengi wanaiita fomu namba tatu, na hapo ndipo mahakama inapoweza kupokea madai ya talaka. Kwa Waislamu, mmoja wao akifanya baada ya hati hiyo tendo linalovunja ndoa kwa sharia ya dini yao, mahakama inaikubali ndoa kuwa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Karatasi ya huyu bwana ilitangulia baraza. Ikabidi arudi nyuma, waanze mwanzo.

Barazani shehe aliwaeleza habari ya hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii: mtoto mdogo hukaa na mama mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, kwa kawaida miaka saba, kisha huachiwa achague. Baada yake wakasema wazee. Ami wa baba alisema watoto ni damu ya kwao na hawawezi kulelewa kwenye chumba cha kupanga. Upande wa mama ni Wadigo, na mjomba wake akakumbusha kwamba kwa Wadigo wa zamani mtoto alihesabiwa ukoo wa mama na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kila upande ulikuja na mila inayoupa ushindi. Hakuna mzee hata mmoja aliyetaja jina la mtoto yeyote kati ya wale wawili.

Sheria imekwisha kutoka kwenye mvutano huo. Jambo lililoguswa na Sheria ya Ndoa haliamuliwi tena kwa kanuni za mila wala za dini. Kifungu cha 125 kinaiambia mahakama kwamba kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kujisemea, na desturi za jamii wanayotoka. Desturi inasikilizwa, lakini inakaa chini ya ustawi.

Kifungu hichohicho kinasema inachukuliwa kuwa ni kheri kwa mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu, na ndugu wa mama walikwisha kukifunga. Lakini maneno yanaendelea: dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama inapopima kama inafaa kutumika, inatakiwa iangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono aliyoizoea. Mvulana alikuwa hajafikisha miaka mitano. Nusu ya kwanza ya kifungu ilimsemea mama, nusu ya pili ikamsemea baba.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inavuta pande zote mbili. Inataka mahakama ikumbuke umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, iangalie umri na jinsia, isikilize maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa uhuru, isiwatenganishe ndugu bila sababu, na ijali mwendelezo wa malezi. Mama angeweza kusimama juu ya nusu ya orodha hiyo, baba juu ya nusu nyingine.

Akina baba wengi huniambia sheria inawapendelea wanawake, na wanaponitajia ushahidi wanataja hiyo miaka saba. Huwa nawaomba wasome pia kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa. Hicho kinaweka wajibu wa matunzo ya watoto juu ya mwanamume, hata kama watoto wanaishi kwa mtu mwingine. Mwanamke anaingia pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hana uwezo. Vifungu hivi viwili vimetoka kwenye picha moja ya nyumba: mama yuko jikoni na mtoto mgongoni, baba yuko kazini. Anayetaka cha kwanza kiondolewe ajue cha pili hakiwezi kubaki kilivyo, na mama anayekishika cha kwanza asishangae kuambiwa kwamba fedha ni jambo la baba na maamuzi ya fedha ni ya baba. Sheria ya Mtoto imeanza kutoka kwenye picha hiyo, maana inaweka wajibu wa kumtunza mtoto juu ya wazazi wote wawili na inataka kipato cha wote wawili kitazamwe. Katika nyumba hii ya Mikanjuni picha ilikuwa imegeuka kabisa. Aliyekuwa kazini ni mama. Aliyekuwa jikoni ni baba.

Siku ya kusikilizwa, Mahakama ya Mwanzo, mama aliulizwa maswali mengi. Kwa nini aliondoka? Atakwenda tena? Chumba chake kina vitanda vingapi? Akiwa anauza vitumbua, mtoto atakuwa na nani? Ni maswali ya haki, na sikuomba hata moja liondolewe. Baba aliulizwa kama anaweza kuwalisha. Akasema anaweza. Ikaishia hapo.

Kazi yetu kubwa katika shauri hili ilikuwa kumwandaa mama asimame na kuomba baba aulizwe aliyoulizwa yeye. Ndugu zake walidhani tunataka kumuumbua baba. Sisi tulitaka majibu. Hakimu akakubali, na kuanzia hapo shauri likabadilika, ingawa halikugeuka upande ambao ndugu za mama walitarajia.

Baba aliulizwa nani anamwamsha mtoto mdogo. "Mimi." Anaamkaje? "Huyu ukimwita jina haamki. Mpaka umkune mgongo, tena taratibu, ukimkuna kwa nguvu analia mpaka shuleni." Aliulizwa kliniki nani alikuwa akimpeleka. Akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni alimokuwa anahifadhi risiti za vipuri. Pembeni ya kadi kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, ya grisi. Mistari ya uzito ilijazwa mwezi kwa mwezi, pamoja na miezi yote ambayo mama alikuwa Maskati. Alisema mwanzoni akina mama kwenye benchi walikuwa wakimcheka, baadaye wakawa wanamshikia nafasi kwenye foleni ili awahi kurudi kibandani. Mama alipokea ile kadi, akaisoma muda mrefu, akairudisha bila kusema neno.

Kisha mama naye akatoa vyake. Kwenye simu yake kulikuwa na sauti za binti akisoma kitabu cha shule, na sauti zake mwenyewe akimsahihisha. Binti alikuwa akipiga picha ya daftari la hesabu kwa simu ya baba, na mama, akishamaliza kuosha vyombo vya watu usiku, anarudisha masahihisho: "Hapo umesahau kukopa, mwanangu, rudia." Miezi ya mwanzo hakuna kitu, kwa sababu simu ilikuwa imechukuliwa na mwenye nyumba aliyemfanyia kazi. Baada ya hapo ni karibu kila Ijumaa. Kulikuwa pia na kumbukumbu za fedha alizotuma: za simenti, za mabati, za sare, za Sikukuu. Mtu anayesema huyu mama alitelekeza watoto wake ingebidi kwanza azisikilize zile sauti.

Maswali yaleyale yakafichua na upande mwingine. Mama aliposukumwa zaidi kuhusu safari, hakudanganya. Wakala alikwisha kumpigia kuhusu mkataba mpya, yeye hajakubali, "lakini nikikosa kodi ya chumba, nitakwenda". Akienda, mtoto angebaki na bibi mzaa mama huko Muheza, mahali ambapo hajawahi kuishi. Na baba, alipoulizwa kama anaoa, alikiri amekwisha kupeleka posa kwa mwanamke mwenye mtoto wake, na watoto hawajaambiwa. Alikiri pia kwamba miezi ya mwisho kabla mama hajarudi, walipokuwa wamegombana, aliacha kuwapa watoto simu waongee na mama yao.

Kwangu hilo la simu ndilo lililokuwa baya kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Umaskini wa chumba cha Makorora unaweza kurekebishwa, na posa si dhambi. Lakini mzazi anayemkatia mtoto sauti ya mzazi mwenzake anamtoza mtoto deni la ugomvi asioujua. Mvulana, mama aliporudi, kwa siku kadhaa alikuwa akimwita "mama wa kwenye simu". Na kabla ya hapo hata kwenye simu alikwisha kumpoteza. Tuliomba jambo hili liandikwe kwenye mwenendo wa shauri, na likaandikwa.

Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto, bila kulazimika kuufuata. Afisa ustawi wa jamii alikwenda nyumba zote mbili, na akazungumza na binti peke yake, shuleni, mbali na masikio ya ndugu. Binti alisema anataka kuwa alipo mdogo wake. Akasema pia anataka mama asiende tena. Hakuulizwa anampenda nani zaidi, na namshukuru afisa yule kwa hilo, kwa sababu mtoto akishaulizwa swali hilo halimtoki.

Uamuzi ukawa watoto wote wawili wakae na baba Mikanjuni. Sababu aliyoiandika hakimu ni mwendelezo: shule ileile, madrasa ileile, mikono ileile. Hakuandika kwamba mama alitelekeza. Kama angeandika hivyo ningemshauri mama akate rufaa hata kama matokeo ni yaleyale, kwa sababu sababu mbovu hubaki kwenye karatasi na kumfuata mwanamke kila anaposimama tena mbele ya mahakama.

Kasoro ilikuwa kwenye mstari wa mwisho. Ilisemwa mama "ataruhusiwa kuwaona watoto wakati unaofaa". Mtu akiyasoma haraka anaweza kuyaona maneno ya busara. Ukikaa na wazazi waliogombana unajua kitakachotokea: anayekaa na watoto ndiye anayeamua wakati gani unafaa. Jumamosi ya kwanza watoto walikuwa na homa. Ya pili walikuwa wamepelekwa Pangani kwa shangazi. Ya tatu mlango ulifungwa, na majirani wakamwambia mama asimame pembeni asije akaleta fujo. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kwamba mtoto akilala Makorora hatarudi, na agizo halikumwambia lolote la kumtuliza.

Hapa naona uonevu unaopitiwa haraka mno kwenye mashauri yetu, na unawapata mama na baba sawasawa. Nimeona akina baba wengi wakisimama nje ya mlango wa mama kwa maneno hayohayo ya "wakati unaofaa", wameshika mfuko wa maembe, wanaambiwa mtoto amelala. Sheria inaruhusu amri ya malezi iwe na masharti na itaje nyakati na muda wa mtoto kumtembelea mzazi asiyekaa naye. Kwa nini isitaje? Mahakama ikitaja siku na saa, wazazi hawana tena cha kugombania mlangoni.

Mama alirudi mahakamani kuomba agizo lirekebishwe, maana maagizo ya watoto yanaweza kubadilishwa wakati wowote hali inapodai. Sasa limeandikwa hivi: Ijumaa baada ya shule mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni watoto wako Makorora, likizo zinagawanywa nusu kwa nusu, simu haikatwi na yeyote, na hakuna anayewatoa watoto mkoani bila kumjulisha mwenzake. Baba analipa chakula na matibabu. Mama analipa sare, madaftari na ada ya madrasa. Mwanzoni wakakabidhiana watoto kwa jirani mmoja mzee ambaye wote wanamwita Bi Mkubwa, ili wasikutane. Baadaye wakaacha, wakaanza kukabidhiana wenyewe.

Kuhusu mvulana, nakubaliana na mahakama. Kuhusu binti bado nina wasiwasi. Yuko kwenye umri ambao mambo mengi atataka kuyasema kwa mama tu, na mama alilisema hilo kwa uchungu: "Akivunja ungo nani atamwambia? Fundi baiskeli?" Hoja ya kutowatenganisha ndugu ni nzito, tena yeye mwenyewe aliitaka. Lakini Sheria ya Mtoto inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine kila anapotaka, ili mradi masomo yake hayavurugiki. Haki hiyo ni ya binti. Akitaka kulala Makorora siku ya Jumatano, haombi ruhusa ya baba kwa niaba ya mama. Nimemweleza baba hivyo ana kwa ana, na alikubali haraka kuliko nilivyodhani.

Ilibaki nyumba. Baba alisema kiwanja kina jina lake na ujenzi kausimamia yeye. Mama alisema kila bati ni riali yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama ipime mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Tangu hapo kanuni hiyo imekuwa kinga ya wanawake wengi waliokuwa wakifukuzwa mikono mitupu. Safari hii aliyeihitaji alikuwa mume. Ndugu za mama waliangua kicheko: mwanamume anadai fungu kwa kupika uji? Niliwajibu kwamba ndiyo, anadai na anastahili. Uji wa huyu baba ndio uliomwezesha mama kukaa Maskati miaka miwili. Tukisema leo haukuwa kazi kwa sababu umekorogwa na mwanamume, kesho tutasimama wapi kumtetea mwanamke aliyekoroga wa kwake miaka ishirini?

Hawakufika kwenye hukumu ya nyumba. Walikubaliana ni ya wote nusu kwa nusu, isiuzwe watoto wakiwa wadogo, na vyumba viwili vya uani vipangishwe, kodi yake iende kwa mama. Kwa kodi hiyo analipa chumba chake Makorora na hajamjibu tena wakala.

Mvulana anatimiza miaka saba mwaka 2026. Wazazi wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza kama siku hiyo kitu kitabadilika chenyewe, baba akitumaini na mama akiogopa. Hakibadiliki. Dhana ya miaka saba inaondoka, ustawi wa mtoto unabaki, na agizo linaendelea kama lilivyo mpaka mmoja wao aende mahakamani na sababu mpya. Nimewaambia wote wawili watunze vitu vilevile: kadi, madaftari, kumbukumbu za fedha, na tarehe ambazo mtoto hakupokelewa au hakurudishwa.